Krauni Aliyoachiwa Avril

Avril Mottram alifika kwenye nyumba ya mnada saa nne kasoro robo asubuhi, siku moja kabla ya mnada wenyewe, siku ya wanunuzi kuja kutazama vitu, amevaa kofia ya sufu aliyoivuta mpaka kwenye nyusi. Kofia ilikuwa mbaya, na yeye mwenyewe alijua ni mbaya, lakini alitaka kumwona kaka yake kabla kaka yake hajamwona yeye. Alikuwa ametoka Walsall na treni ya alfajiri, mkate wa mayai kwenye mkoba, na njia nzima mpaka London alikuwa akimtukana Godfrey kimoyomoyo. Alikuwa na miaka sitini na sita, magoti yanamsumbua, na kwa miaka kumi na minane hajapata hata siku moja ya kuchoka kumchukia ndugu yake wa tumbo moja.

Na kisa chenyewe ni sarafu. Sarafu moja tu.

Ilikuwa krauni ya fedha ya mwaka 1831, ya Mfalme William wa Nne, ile ya shilingi tano. Usidhani iliwahi kununua mkate. Hii ilikuwa sarafu ya kielelezo, yaani ilipigwa kwa mhuri uliong'arishwa mpaka ukawa kama kioo, kisha ikawekwa kwenye kasha jekundu pamoja na nyingine kumi na tatu, za dhahabu, za fedha na za shaba, wakauziwa wakubwa kama ukumbusho wa kutawazwa kwa mfalme. Ukiinamia uso wake unaiona pua yako. Baba yao, mzee Cuthbert Prewett, fundi saa, alilinunua kasha hilo zima zamani watu walipokuwa bado hawajali vitu hivyo, na alilipenda kuliko alivyopenda chakula.

Mzee alipofariki, wosia ulisema hivi: kasha na sarafu zake ni za mwanangu Godfrey, isipokuwa krauni, ambayo nampa binti yangu Avril. Basi. Sababu hakuandika.

Kesho yake baada ya mazishi, jikoni kwa mama yao, Godfrey alimaliza kutafuna kipande cha nyama baridi, akajifuta mdomo, akasema, "Unajua kwa nini kakupa hiyo? Ni mbovu. Baba aliisugua mwenyewe na unga wa kusafishia masinki, enzi zile anaanza, kabla hajajua mambo. Imekufa. Nitakupa pauni arobaini, mradi nizibe tundu kwenye kasha."

Baba alikupa ile mbovu. Maneno hayo yalimwingia Avril na hayakutoka tena. Ni yeye aliyemwogesha mzee miaka miwili ya mwisho, akamlisha uji kwa kijiko, akamkata kucha. Godfrey alikuwa akija Jumapili na machungwa, anakaa nusu saa akiangalia saa yake, anaondoka. Halafu yeye ndiye apewe kumi na tatu nzima, na Avril apewe mbovu? Alikataa kuuza. Hakukataa kwa sababu alijua thamani yake, alikataa kwa sababu aliona jinsi kaka yake alivyoitaka. Kila Krismasi Godfrey alipiga simu: sitini, mia, mia mbili. Kila Krismasi Avril alimwambia aende akazibe tundu lake na kifungo cha shati.

Mwaka ule wa mnada, mwezi wa tatu, ndipo alipoipeleka London. Binti mmoja mtaalamu, Nerys Pugh, Mwelshi mwenye nywele fupi na sauti ya chini, aliitazama kwa kioo cha kukuzia muda mrefu mpaka Avril akaanza kuona haya.

"Nani amekwambia imesuguliwa, mama?"

"Kaka yangu. Anasema baba ndiye aliyeisugua."

"Hii haijasuguliwa na mtu yeyote," Nerys alisema. "Tangu siku ilipopigwa. Mimi nimefanya kazi hii miaka kumi na moja, sijaiona nyingine safi hivi. Kati ya zile kumi na nne, hii ndiyo yenyewe."

Avril alikwenda msalani akalia kwa sauti, karatasi za mkono zikamwishia. Bei waliyomkadiria ilikuwa pauni elfu thelathini. Kwa pesa hizo angepata nyumba ya magurudumu, ile ya kuvutwa na gari, pale Skegness, karibu na bahari, akaondokana na chumba cha kupanga chenye ukungu ukutani. Lakini hizo pesa alizifikiria baadaye. La kwanza alilolitaka, na ndilo alilolala nalo na kuamka nalo, ni Godfrey aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba alijua. Kwamba siku ile jikoni alijua kabisa baba amempa Avril iliyo bora, akamwambia ni mbovu.

Alimpigia simu akamuuliza. Godfrey alicheka. "Hao wa London ni wauzaji, mdogo wangu. Watakwambia hata ina mbawa." Akakata.

Ndiyo maana akaja na kofia yake. Katika orodha ya mnada jina lake halikuwemo, waliandika tu "Mali ya Mama Mmoja", kama ilivyo desturi yao. Avril alijiandikisha mlangoni kwa jina la kubuni, akapanda ngazi, akakaa kwenye kiti cha kona nyuma ya kabati la vitabu. Alikuwa amejipigia hesabu yake: Godfrey lazima aje kuitazama. Na mtu akiwa mbele ya kitu anachokitaka miaka kumi na minane, akidhani hakuna anayemsikia, atasema kweli.

Chumba cha kutazamia kilikuwa kimya kama kliniki ya macho. Meza ndefu, taa ndogondogo, vipande vya mahameli nyeusi, na wazee wa makoti mazito wameinama kila mmoja na kioo chake. Watu hao wana adabu zao. Sarafu unaishika ukingoni kwa vidole viwili, chini kabisa karibu na mahameli ili ikiponyoka isiumie. Na hakuna anayesema neno akiwa ameinamia sarafu. Ukitaka kusema unainua kichwa, unageuza shingo, ndipo unasema. Tone la mate likiangukia kielelezo na kukauka, linakuwa doa la milele. Hilo wanafundishana siku ya kwanza, hata kabla ya kufundishana bei.

Godfrey aliingia saa nne na nusu. Loo, alivyovimba! Skafu ya chama chao cha wakusanya sarafu cha Wolverhampton shingoni, chama ambacho mwenyekiti wake ni yeye, na mdomoni meno mapya ya bandia yaliyomfanya aonekane kama anacheka muda wote. Alisalimia huku na huku, "Habari za siku nyingi, mzee," "Magoti vipi, bwana," akakaa kwenye meza karibu na mzee mmoja mwembamba anayeitwa Ambrose Tickell. Huyo Tickell Avril alimjua kwa jina. Godfrey alikuwa akimtaja miaka nenda rudi: tajiri, mjane, hana watoto, na anachokitaka hakimpiti.

"Namba mia mbili na saba, tafadhali," Tickell alimwambia Nerys. Ndiyo yenyewe.

Nerys alileta trei, akaiweka krauni juu ya mahameli chini ya taa. Kutoka kwenye kona yake Avril aliona mng'ao wake ukipiga darini. Ilikuwa yake, ametoka nayo kwenye droo ya soksi, na hapa watu wanaipumulia pembeni kama mtoto mchanga.

Tickell aliitazama. Akaigeuza. Akaitazama tena. Kisha akainua kichwa, akageuza shingo, akasema kwa upole, "Nzuri sana hii."

Hapo ndipo Godfrey alipovuta kiti.

"Ambrose," alisema, sauti ya chini lakini si ya chini ya kutosha, "mimi na wewe tumejuana tangu lini? Sitaki uumie. Hiyo sarafu naijua. Ilikuwa ya baba yangu."

"Usiniambie!"

"Haki ya nani. Imetoka kwenye kasha langu mimi. Baba aliisugua. Aliisugua na unga wa masinki, marehemu, akaja kujuta mpaka anaingia kaburini. Dada yangu ndiye anayeiuza, hajui hili wala lile, kaitia kwenye droo na vifungo na sindano. Ukiilaza hivi kwenye taa utaona mistari."

Avril alishika ukingo wa kiti. Alitamani kuinuka amrukie. Alikuwa na hakika, hakika kabisa, kwamba mtu huyu akiwa na wenzake atasema kweli, na huyu hapa, mbele ya wenzake, anamsingizia marehemu baba yake mara ya pili, bila haya, macho makavu! Na wale wazee wanasikia. Wawili kwenye meza ya pili walikuwa tayari wameifuta kwa mstari kwenye orodha zao.

"Wewe mbona unaitaka, basi?" Tickell aliuliza. "Umesafiri mvua yote hii."

"Mimi naitaka kwa ajili ya tundu. Nimebaki na tundu kwenye kasha. Kwa mtu mwingine ni fedha ya chakavu, kwangu ni ya familia. Nitaweka elfu tatu, nne, nikaizike."

Tickell aliinama tena na kioo chake. Muda ukapita. Mtu huyo macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, kila mtu pale alijua, na ndiyo maana Godfrey alimchagua. Mwishowe mzee aliinua kichwa, akageuza shingo.

"Godfrey, mimi sioni mstari hata mmoja."

"Huoni kwa sababu macho yako..."

"Macho yangu nayajua. Namtazama mfalme na namwona mpaka vinyweleo. Kama hii imesuguliwa, mimi ni askofu. Kesho nitakwenda nayo mpaka elfu arobaini, na ninakwambia mapema kwa sababu ni rafiki yangu."

Watu wa meza ya pili waliinua vichwa. Elfu arobaini! Godfrey alibadilika rangi, kwanza nyeupe, kisha nyekundu kuanzia shingoni. Miaka kumi na minane alikuwa akiizungukia sarafu hiyo, na sasa nusu kipofu ndiye anaichukua. Hasira ikamfanya asahau yote aliyowafundisha vijana wa chama chake. Alichomoka kitini, akaiinamia krauni, pua yake shibiri moja juu yake chini ya taa, kidole kikionyesha.

"Huoni? Huoni?" alifoka. "Hapa! Pale penye shavu! Pale pale, papo hapo!"

Meno yale mapya yalikuwa hayajamzoea. Mate yalimruka.

Kila mtu aliyaona, kwa sababu taa ilikuwa kali. Matone matatu madogo, na moja kubwa, yalitua kwenye uwanja wa kioo mbele ya uso wa mfalme, na lile kubwa likamkaa shavuni. Mzee mmoja alitoa sauti kama ya mtu aliyekanyagwa kidole. Godfrey alibaki ameinama vilevile, mdomo wazi, halafu akajiziba mdomo kwa kiganja, amechelewa.

"Asiguse mtu," Nerys alisema. "Bwana Prewett, rudi nyuma. Rudi nyuma!"

"Sikukusudia," Godfrey alisema ndani ya kiganja.

"Najua hukukusudia. Rudi nyuma."

"Ioshe. Ioshe sasa hivi, binti, una asetoni hapo, una maji yaliyochujwa, iloweshe tu, usiifute, usiifute kabisa!"

"Huna haja ya kunifundisha kazi yangu." Nerys alikuwa ameshatoa simu mfukoni. "Sarafu ya mteja siitii kwenye maji wala kwenye dawa bila ruhusa ya mwenyewe. Hiyo ni kanuni ya nyumba hii. Nampigia."

"Itakauka! Una dakika kumi tu! Ikikauka hapo, leo utaona kivuli, mwakani utaona doa jeusi, na halitoki!"

"Kwa hiyo omba apokee," Nerys alisema, akaweka simu sikioni.

Na kwenye kona, nyuma ya kabati la vitabu, simu ya Avril ikaanza kulia. Ilikuwa ikilia kama kengele ya shule, kwa sababu masikio yake hayakuwa mazuri. Vichwa vyote viligeuka. Avril aliichomoa kwenye mkoba, akaizima, akavua kofia ile mbaya, akaja mezani polepole kwa magoti yake yale.

"Nipo hapa, binti yangu," alisema. "Usipoteze salio."

"Avril," Godfrey alisema.

"Habari, kaka. Meno mapya hayo? Yamekukaa."

Nerys hakuwa na muda wa mambo ya ndugu. "Mama Mottram, umeona kilichotokea. Nikiiosha sasa haitakuwa na alama. Nikichelewa sina hakika. Nahitaji kauli yako tu, nikuletee fomu baadaye."

"Subiri kidogo," Avril alisema. "Kuna kitu sielewi. Huyu bwana amemweleza mzee hapa kwamba sarafu hii imesuguliwa na unga wa masinki. Imekufa. Si ndiyo, kaka? Fedha ya chakavu. Sasa mate kidogo kwenye chakavu yanakuhangaisha nini?"

Mtu mmoja kwenye meza ya pili alicheka, akajifanya anakohoa. Tickell hakucheka. Alimtazama Godfrey kwa macho yake yenye ukungu, akasubiri jibu kama wengine.

"Avril, si wakati wake huu," Godfrey alisema.

"Wakati wake ni upi? Nilikupigia simu ukacheka. Sema."

"Niseme nini?"

"Unalijua la kusema."

"Mnamsikia?" Godfrey aliwageukia wenzake, mikono imetandazwa. "Miaka kumi na minane ameiweka kwenye droo na soksi! Hajawahi hata kuijua mbele na nyuma! Na sasa yuko tayari iharibike kwa roho mbaya tu!"

"Kwenye droo ya soksi imekaa miaka kumi na minane bila alama," Avril alisema. "Na wewe mtaalamu, mwenyekiti, umekaa nayo dakika tano umeitemea mate."

Hilo lilimpata. Avril aliliona likimpata, na akafurahi, furaha mbaya yenye moto, akatamani ziwe nyingi za namna hiyo. Kulikuwa na mengi ya kusema. Alimkumbusha ugonjwa wa baba na machungwa ya Jumapili. Alimkumbusha mama yao alivyomwomba aje alale japo usiku mmoja ili Avril apumzike, naye akasema ana mkutano wa chama. Godfrey akamjibu kwamba yeye Avril alikuwa kipenzi siku zote, kwamba hata baba alipokuwa hamjui mtu tena alikuwa akimwita yeye, kwamba kasha lile lilikuwa lake yeye tangu ana miaka saba, baba alimwahidi, lote, kumi na nne, na halafu mzee anaandika jambo jingine kwenye wosia bila hata kumwambia mtu. Walikuwa wanabishana kwa sauti kama watu wanaogombania foleni, mbele ya makoti yale yote, na muda wote huo Godfrey alikuwa akisema ameipa meza kisogo, ili asiinyunyizie tena.

"Mama," Nerys alisema. "Dakika nne zimekwenda."

Godfrey aliigeukia krauni. Tone kubwa lilikuwa limeanza kunywea pembezoni. Mabega yake yakashuka, yote mawili kwa pamoja. Aliinama, akaweka kiganja mbele ya mdomo ili mate yasiruke tena, na kutoka nyuma ya kiganja hicho akasema.

"Haijasuguliwa. Haijaguswa kamwe. Baba hakuwahi kuisugua, hata chumbani alikuwa haruhusu mtu kuingia siku akilifungua kasha. Hii ndiyo bora kuliko zote kumi na nne, na mimi nilijua. Nilijua siku ile jikoni. Nilijua kabla wosia haujasomwa. Nilimdanganya. Nimedanganya kila Krismasi. Nisamehe. Nisamehe, tafadhali."

Tickell alivua miwani yake akaifuta, akaivaa tena.

Basi ndiyo hayo. Avril alikuwa ameyasikia. Alikuwa ameyafanyia mazoezi akiosha vyombo, akipanga foleni ya posta, akilala: jinsi atakavyomtazama, jinsi kifua kitakavyomfunguka, na labda, nani ajuaye, labda wangekumbatiana na kulia, maana wamebaki wawili tu. Alisubiri kifua kifunguke. Alimtazama kaka yake ameinama kwenye taa, kiganja mdomoni, jasho kwenye upara, na machozi, machozi ya kweli kabisa, yanamlengalenga, naye anajirudisha nyuma nyuma ili hata machozi yasianguke mahali pasipotakiwa. Siku ya kumzika baba huyu hakulia. Avril alikumbuka vizuri, kwa sababu alimwangalia.

Na macho yake hayakutoka kwenye sarafu. Hata mara moja. Tangu aliposema haijasuguliwa mpaka aliposema nisamehe, hakuinua kichwa kumtazama dada yake aliyesimama hatua moja kutoka kwake.

"Mama?" Nerys aliuliza. "Naweza kuosha?"

Avril alifikiria Skegness. Alifikiria hasa dirisha la jikoni la ile nyumba ya magurudumu, lilikuwa na pazia la manjano kwenye picha, na ukiosha vyombo ungeona maji. Alijua kabisa anachokifanya. Hakuna atakayesema baadaye kwamba hakujua.

"Hapana," alisema. "Usiioshe. Na naiondoa mnadani."

Watu walianza kunong'ona. Nerys alisogea karibu, akashusha sauti. "Mama Mottram, fikiria kidogo. Kuna gharama ya kuiondoa. Na likiingia hilo doa, siku ukitaka kuiuza tena hutapata hata nusu. Iondoe kama unataka, lakini kwanza uniruhusu niioshe. Haikugharimu kitu."

"Najua, binti yangu. Umekuwa mwema kwangu. Usiioshe."

"Nimesema!" Godfrey alipiga kelele, na hapo tu ndipo alipokumbuka kugeuza shingo, akaupigia kelele ukuta. "Nimesema ulichotaka! Mbele ya watu wote! Mbele ya Ambrose! Jina langu limekwisha leo, unataka nini tena? Nimeomba msamaha!"

"Umemwomba mfalme," Avril alisema. "Mimi nilikuwa nimesimama huku."

Hakusema kwa sauti kubwa. Aliona aibu, na alikuwa na huzuni kubwa kuliko ile aliyokuja nayo asubuhi. Lakini hasira ilikuwa bado ipo, palepale pake. Alisubiri. Alimpa nafasi, huwezi kusema hakumpa. Kama Godfrey angegeuka wakati ule, akamtazama usoni hata bila kusema neno, Avril angemwambia yule binti aende akalete maji yake. Alikuwa na neno hilo tayari mdomoni.

Godfrey alikuwa ameinama tena, ameegemea meza kwa ngumi mbili, amebana midomo. Tone kwenye shavu la mfalme lilikuwa limebaki kama kichwa cha pini.

"Inakauka," alisema.

Avril alichukua mkoba wake, akamwomba Nerys ile fomu ya kuiondoa, akauliza aweke sahihi wapi.